Mzee Daftari Anajibu: Kwangu Kufuli, Kwao Mazungumzo

Barua za mwezi huu karibu nusu ni za kodi. Naanza na ya jirani wa hapa hapa Tabora kwa sababu ameandika kwa tarakimu, na mimi mtu akiniletea tarakimu namwekea kiti. Nyingine nimezifupisha. Zile za matusi zimeenda kapuni.

SWALI: Shikamoo Mzee Daftari. Nauza ndoo, mabeseni, majagi na sufuria kwenye fremu karibu na Soko Kuu, mzigo nauchukua Kariakoo. Mashine ya risiti ninayo na makadirio yangu nalipa kwa awamu. Mwezi wa nane walikuja wakaguzi wawili, wakahesabu mzigo, kisha wakataka taarifa ya miamala ya simu yangu. Wakakuta mwezi wa saba ziliingia shilingi milioni 6.2. Wakazidisha mara 12, wakasema mauzo yangu ya mwaka ni milioni 74.4 na kodi ni shilingi 2,604,000. Niliwaeleza kwamba mwezi wa saba ndipo wakulima wa tumbaku wanalipwa, mtu wa Sikonge au Uyui akishika hela yake anabadilisha vyombo vya nyumba nzima; waje Januari waone ninavyoshinda nafukuza nzi. Tena ndani ya hizo kuna milioni 1.5 za mchezo wetu wa akina mama, kijumbe ni mimi. Hawakunisikiliza. Fremu ikapigwa kufuli mchana uleule, ikafunguliwa baada ya mume wangu kupeleka laki tano. Kwa daftari langu mauzo ya mwaka mzima ni kama milioni 31. Mzee, Nzega hapo dhahabu ilichimbwa miaka na miaka. Tuliwahi kusikia mgodi umepigwa kufuli kwa ajili ya kodi? Kuna sheria mbili? Na hii karatasi niifanyeje?
— Mama Ndoo, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na karatasi, maana karatasi ina siku zake. Nilikwishakueleza haya kwa simu barua yako ilipofika. Hapa nayarudia kwa faida ya wengine.

Ukishakabidhiwa makadirio usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato. Ni Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Kwenda kulalamika dirishani, kumpigia ofisa simu, kumtuma mwenyekiti wa wafanyabiashara, vyote hivyo si pingamizi. Pingamizi ni barua yenye sababu, na nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Sasa panapouma. Pingamizi halipokelewi mikono mitupu. Unatakiwa kulipa theluthi ya kodi uliyokadiriwa, au kile kiasi unachokubali mwenyewe kwamba unadaiwa, chochote kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Theluthi ya 2,604,000 ni 868,000. Unachokubali ni hiki: kwa jedwali la mwaka 2022, mwenye mauzo kati ya milioni 11 na milioni 100 anatozwa asilimia 3.5 ya mauzo, kwa hiyo milioni 31 zako zinatoa 1,085,000. Hiyo ndiyo kubwa, hiyo ndiyo ya kwenda nayo. Laki tano za mume wako na awamu ulizokwisha kulipa, ambatanisha risiti zake zote na uandike wazi kwamba unataka zihesabiwe. Kama hela haipo, sheria inaruhusu kumwomba Kamishna apunguze au aondoe malipo hayo ukiwa na sababu ya msingi. Iombe kwa barua, na uiombe mapema. Usingoje wiki ya mwisho.

Ushahidi unao, hujui tu kwamba ni ushahidi. Kwanza mashine. Kila siku unapofunga mauzo inatoa ripoti ya Z, na taarifa hiyo hiyo inakwenda kwenye mtambo wa mamlaka. Maana yake Januari yako ya kufukuza nzi wanayo wenyewe. Toa Z za miezi 12, zipange kwa mwezi, andika jumla ya kila mwezi kwa kalamu. Tena zipige fotokopi leo. Karatasi ile haina wino, inaandikwa kwa joto, na joto letu la Tabora linaila. Nimefunguliwa boksi la Z lililokaa chini ya bati kule Ng'ambo mwaka mmoja, zote nyeupe kama karatasi ya kufungia maandazi. Mwenye boksi alibaki ananitazama.

Pili, daftari la mchezo. Kijumbe yeyote wa maana ana orodha: nani katoa, nani kapokea, tarehe gani. Iweke karibu na taarifa ya simu, uoneshe milioni 1.5 zilivyoingia na zilivyotoka kwenda kwa mwenye zamu. Hela inayolala kwako usiku mmoja ikielekea kwa mwenzako si mauzo yako. Na kuanzia leo, mwanangu, fungua laini nyingine ya mchezo. Laini ya duka iwe ya duka.

Tatu, tumbaku. Mkaguzi aliyehamishiwa hapa majuzi anaweza asijue kwamba huu mji una mwezi mmoja wa sherehe na miezi mingi ya madeni. Nenda chama cha msingi chochote kile, waombe barua fupi yenye tarehe walizolipa wakulima. Nilikaa kwenye mahesabu ya ushirika wa tumbaku tangu zama za kalamu ya risasi na karatasi ya kaboni, na nakwambia tarehe za malipo zinaandikwa kuliko hata tarehe za vifo. Ukiziweka sambamba na Z zako, mchoro wa mauzo utajieleza wenyewe. Kuzidisha mwezi wa saba mara 12 hapa Tabora ni kukisia tu.

Kamishna ana miezi 6 ya kuamua. Ikipita kimya, makadirio yanahesabika yamethibitishwa, na wewe unapata haki ya kwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kutoka hapo Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani. Yupo pia msuluhishi wa malalamiko ya kodi, ofisi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019. Huyo habadilishi kiwango cha kodi, ila anaangalia namna ulivyotendewa. Kufuli lako ni kazi yake.

Kuhusu kufuli lenyewe sitazunguka. Sheria inampa Kamishna nguvu ya kukamata mali ya mdaiwa sugu. Lakini makadirio uliyokabidhiwa asubuhi, ambayo bado una mwezi mzima wa kuyapinga, kuyafungia duka mchana wa siku ileile ni ubabe. Aprili 2021 Rais Samia aliwaambia wakusanya kodi hadharani waache mabavu ya kuchukua vifaa vya watu na kufunga akaunti zao. Mei 2023 Kariakoo iligoma kwa sababu hizo hizo, ikabidi Waziri Mkuu Majaliwa aende kuwasikiliza. Juni 2024 ikagoma tena, safari hiyo na mikoa mingine ikafunga. Oktoba 2024 ikaundwa Tume ya Rais ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Kwa hiyo hujalia peke yako.

Sasa Nzega, na swali lako la sheria mbili.

Sheria ni moja, ila haimpimi kila mtu kwa kitu kimoja. Wewe unapimwa kwa mauzo. Kampuni inapimwa kwa faida. Chukua ndoo moja: umeinunua na kuifikisha hapa kwa 4,000, unaiuza 4,500. Asilimia 3.5 ya 4,500 ni shilingi 157 na senti. Ulichopata juu ya ndoo ile ni 500, kwa hiyo kodi imeondoka na karibu theluthi yake, na hapo hujalipa fremu, umeme, mlinzi, ushuru wa taka wala chai ya kijana wa dukani. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, ndiyo, lakini inalipa baada ya kutoa mishahara, mafuta, riba ya mikopo, tiketi za ndege na ada ya ushauri kutoka kampuni mama. Ukipata hasara, unalipa. Ikipata hasara, hailipi kodi ya mapato. Ikitangaza hasara miaka mitatu mfululizo ndipo sheria inaigeukia na kuitoza juu ya mauzo, na kiwango chenyewe kwa miaka mingi hakikufika hata asilimia moja. Wewe 3.5 tangu siku ya kwanza.

Wala waliotunga sheria hawakukaa kikao cha kukuonea. Kodi ya mauzo iliwekwa kwa mwenye duka ili asihangaike na vitabu na mhasibu. Kwa muuza nguo anayeongeza nusu ya bei, ni nafuu. Kwa muuza ndoo, sukari au saruji, ambaye faida yake ni nyembamba, ni mzigo. Ndiyo maana unaruhusiwa kuomba utoke huko, uandae hesabu kamili na utozwe kwa faida. Pima kwanza gharama ya mtu wa kukuandalia hesabu. Kwa mauzo ya milioni 31 na ndoo za faida ya shilingi 500, mimi ningetoka.

Mgodi wa Golden Pride pale Lusu ulianza kutoa dhahabu mwaka 1998, wa kwanza kati ya ile migodi mikubwa iliyokuja baada ya milango kufunguliwa kwa wawekezaji wa nje, na ilipofika 2014 ulikuwa umeshafungwa. Wakati ule sheria na mikataba ilimruhusu mchimbaji kukata gharama yote ya mitambo kwa mkupuo, na salio ambalo halijarudi liongezewe asilimia 15 kila mwaka. Ukiongeza deni lako kwa namna hiyo kwenye karatasi, faida inachelewa sana kuonekana, hata kama lori za kifusi zinapita usiku na mchana. Kodi ya faida ingedaiwaje mahali ambapo vitabu halali vinasema bado faida haijafika?

Halafu ushuru wa huduma wa halmashauri. Sheria ya wakati ule ilisema asilimia 0.3 ya mauzo. Mikataba ya uchimbaji ya enzi zile ikaweka kikomo: dola 200,000 kwa mwaka, basi. Fanya hesabu: kikomo hicho kinatosha mauzo ya dola milioni 67 hivi. Dhahabu ikipanda bei duniani, mauzo yakavuka hapo, kilichozidi hakigusiki. Nzega walikomaa na jambo hili, na mwaka 2012 halmashauri ikalipwa zaidi ya shilingi bilioni 2. Sijawahi kuona mkataba unaomwekea kikomo muuza ndoo.

Kwa hiyo jibu la kufuli ndilo hilo. Hapakuwa na cha kufungia. Kodi ilikuwa imeshasamehewa mezani, kwa saini na mihuri, kabla jembe la kwanza halijagusa udongo wa Lusu. Aliyesamehewa kihalali ana haja gani ya kukwepa?

Ipo namna nyingine, na hii wakaguzi wetu walichelewa kuijulia. Tuseme una duka la asali Tabora na duka lingine Dubai, yote ya kwako. Asali ya 10,000 unajiuzia mwenyewe kwa 6,000. Tabora inaonesha hasara, Dubai inaonesha faida, na Dubai kodi yake ni ndogo. Kampuni zenye matawi nchi nyingi zinaweza kufanya hivyo kwa dhahabu, kwa mkopo, kwa jina la biashara, hata kwa ushauri ambao hakuna aliyeuona. Mamlaka ilianzisha kitengo cha kodi za kimataifa mwaka 2011, kanuni za bei za kuuziana ndugu kwa ndugu zikatoka 2014 na kuandikwa upya 2018. Kuzisimamia kunataka watu wanaosoma mikataba ya London na kujua bei ya haki ya kitu ambacho hakiuzwi sokoni. Kumkagua Mama Ndoo kunataka pikipiki na kikokotoo. Ofisi yenye lengo la makusanyo la kila mwezi itaanzia wapi?

Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua kwamba African Barrick Gold, iliyokuwa imeshabadili jina kuwa Acacia, ilipe dola milioni 41.25. Hoja ilikuwa rahisi kwa mtu wa daftari: migodi ya huku inatangaza hasara, lakini kampuni mama ya London kati ya 2010 na 2013 ilikuwa inagawa gawio kwa wenye hisa. Gawio la hasara ndilo lipi? Kesi ilikwenda ngazi kwa ngazi, miaka, huku migodi ikifanya kazi kila siku.

Julai 2017 mambo yakageuka. Baada ya lile sakata la makinikia, ule mchanga wenye dhahabu uliokuwa ukisafirishwa nje, Mamlaka ya Mapato iliidai Acacia dola bilioni 190, kodi bilioni 40 na zilizobaki riba na adhabu. Wengi tulishangilia. Mimi nilishangilia kidogo kisha nikachukua kalamu, kwa sababu tarakimu ile ilizidi uchumi wote wa nchi kwa mwaka, mara kadhaa. Nikawaza, nayo hii ni mwezi wa saba mara 12. Mwisho wake unaujua: mazungumzo na Barrick, mwenye hisa nyingi za Acacia, dola milioni 300, serikali ikapata hisa asilimia 16, na kampuni ya ubia ya Twiga ikazaliwa. Siyo haba, na kabla ya hapo tulikuwa hatuna hata hiyo. Ila uliona walivyomaliza? Walikaa mezani, na mawakili, na maji ya chupa. Mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi kwa zuio la kusafirisha makinikia, kwa hiyo sisemi hawakuumia. Nasema makadirio ya kukisia yalipoangukia kwa mkubwa, yalipelekwa mezani. Yalipokuangukia wewe, yaliletwa na kufuli.

Hapo ndipo ninapoona dhuluma, Mama Ndoo. Viwango tunaweza kubishana mpaka kesho. Lakini siku ya kutokubaliana mkubwa anaendelea kuuza na wewe unafungwa. Theluthi ya kodi kwake ni mstari mmoja kwenye taarifa ya benki. Kwako ni mtaji. Ningekuwa natunga sheria, ningeanzia hapo: asiyefikia mauzo fulani apinge bila kulipa kwanza, na duka lisiguswe mpaka pingamizi liamuliwe.

SWALI: Mzee wangu, mnapenda kuwapiga wakubwa kwa sababu mnauza gazeti. Mimi ni mhasibu. Walipakodi wakubwa ni mamia tu na wanabeba sehemu kubwa ya makusanyo ya nchi. Wadogo ni malaki na wanachangia kiduchu. Wengi wa hao wadogo wanauza bila risiti, na mteja anaulizwa, "Unataka bei ya risiti au bila?" Mbona hilo hulisemi?
— Mhasibu, Dar es Salaam (mzaliwa wa Urambo)

JIBU: Nalisema. Hiyo ya bei mbili naisikia Soko Kuu kila Jumamosi, na anayeuza bila risiti anamuumiza jirani yake mwenye mashine kuliko anavyoiumiza serikali. Idara ya Walipakodi Wakubwa ipo tangu 2001 kwa sababu hiyo unayoitaja, na ni kweli inakusanya nyingi.

Lakini wewe ni mhasibu, tusidanganyane. Katika hiyo kampuni inayopokea cheti cha mlipakodi bora, tenganisha. Kodi ya mishahara ni hela ya wafanyakazi. Kodi ya ongezeko la thamani ni hela yangu mimi niliyenunua soda. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo ya mtu kabla hajalipwa, ni hela ya waliowahudumia. Kampuni imezibeba na kuzifikisha, nasi tunaishukuru kwa usafiri huo. Kodi inayotoka mfukoni mwa wenye kampuni ni ile ya faida, na ndiyo niliyokuwa naijadili. Jopo la Thabo Mbeki mwaka 2015 lilikadiria kuwa Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa, na sehemu kubwa likaiweka kwenye biashara za makampuni, mbele ya rushwa na ujambazi. Wauza mchicha wa Urambo hawamo humo.

Nakubaliana nawe jambo moja zaidi: zipo kampuni kubwa zinazolipa kwa uaminifu na zinakaguliwa kila mwaka mpaka zinachoka, kwa sababu vitabu vyao viko wazi na ni rahisi kuvikuta. Muaminifu anaadhibiwa kwa kupatikana, awe mdogo au mkubwa.

SWALI: Mwenye fremu wangu anataka kodi yake ya pango 150,000 kamili kwa mwezi. Maofisa wanasema natakiwa kukata asilimia 10 nipeleke serikalini. Nikimkata ananifukuza, nisipokata nadaiwa mimi. Nifanyeje?
— Fundi cherehani, Isevya

JIBU: Asilimia 10 ni kodi ya serikali anayodaiwa mwenye nyumba, wewe ni mkusanyaji tu, bila mshahara. Sheria inakutaka umpe 135,000, upeleke 15,000, na umkabidhi hati ya zuio ili naye ajisaidie kwenye hesabu zake. Wenye fremu wengi wanajua hilo, wanajifanya hawajui. Wengine wanaandika mkataba wa 80,000 na kupokea 150,000, halafu siku ya ukaguzi anayetoka jasho ni mpangaji.

Mkataba mpya ukiandikwa, usiandike 150,000 tu. Andika kwamba kodi ni kadhaa "kabla ya zuio la asilimia 10", asaini. Kama anakataa kabisa kupokea pungufu, mbishane bei hapo hapo kabla ya wino. Ukishahamia na mashine zako umepoteza nguvu. Serikali ingeweza kuwafuata wenye nyumba moja kwa moja, ila wapangaji ni rahisi kuwapata, wanakaa mlangoni. Hii nayo ni ile habari ya Mama Ndoo.

SWALI: Mzee Daftari shikamoo. Nauza vitenge hapa Mwanga, Kigoma, vingine vinavuka ziwa kutoka Kongo. Nimesoma habari za makampuni na sioni kwa nini niandike mauzo yangu kwa ukweli. Wakubwa wanaficha, mimi niwe nani? Mwaka jana nimeuza milioni 9.4. Nikae kimya nikadiriwe tu, si ndiyo?
— Kijana wa Vitenge

JIBU: Marahaba. Swali la uadilifu kaulize msikitini au kanisani, huku tunapiga hesabu.

Kwa jedwali lililowekwa 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 asiyetunza kumbukumbu anatozwa 250,000 mkupuo. Anayetunza analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwako kilichozidi ni milioni 2.4, asilimia 3 yake ni 72,000. Jumla 162,000. Kukaa kimya kunakugharimu 88,000, hiyo ni doti ngapi za vitenge? Na jirani yako muuza mawese anayeuza milioni 6, bila kumbukumbu ni 100,000, akiwa nazo ni 60,000. Asiyefika milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato kabisa. Lile kundi ndilo lililopewa vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000 mwishoni mwa 2018.

Ukilinganisha kuficha kwako na kwao utaumia. Wao wanaficha kwa mawakili, na mwaka wakikamatwa wanaanza rufaa. Wewe utaficha kwa kusema uongo mbele ya marobota uliyoyapanga hadi darini, mkaguzi anayaona akiwa hajashuka kwenye pikipiki. Halafu mzigo unaovuka ziwa bila karatasi za forodha ni kesi nyingine kabisa. Hapo hatuzungumzii makadirio tena, tunazungumzia mzigo wote kutaifishwa. Weka stakabadhi za Kibirizi na za bandarini pamoja na daftari lako.

Majedwali yanaweza kubadilika kila Julai bajeti ikipita. Usiamini la kwangu mpaka siku ya kulipa. Liombe jipya dirishani, wanalitoa bure, na macho yako yaende kwenye safu ya wanaotunza kumbukumbu. Awamu zako ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kama ya Septemba hujalipa, ianze hiyo.